Piano Haina Kitufe cha Transpozi: Somo kwa Kijana Anayeanza



Jumapili iliyopita kijana mmoja wa kwaya alinifuata baada ya misa akaniuliza: "Frateri, nina miaka 22, nataka kujifunza piano ile ya kusoma noti, ya kina Bach. Nimeshachelewa? Na kama sina mwalimu, nijifunze tu kwenye simu?" Mvua ilikuwa inakuja, nikamjibu kwa kifupi na tukakimbia. Leo namjibu kwa urefu, na wewe unayesoma uchukue kinachokufaa.

Jibu la kwanza ni hili: hujachelewa. Mimi nilianza nikiwa na miaka hiyo hiyo 22. Siyo mpiga piano mkubwa, tuelewane hapo. Mimi ni mwanafunzi anayemtangulia mwenzake hatua chache, na sehemu kubwa ya hatua hizo nilizipiga vibaya kwanza. Ndiyo maana naweza kukuonyesha mashimo yalipo.

Siku umeme ulipokatika

Kabla ya kuingia seminari kuu nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya parokiani kwetu. Na niseme ukweli, nilijiona. Watu walikuwa wananiita "fundi". Lakini ufundi wangu ulikuwa na siri moja: nilijua kupiga kwenye C tu. Wimbo ukiwa Do ni D, nabonyeza transpozi mara mbili. Ukiwa Do ni E flati, nabonyeza mara tatu. Vidole vyangu vinabaki pale pale kwenye vibonyezo vyeupe, kinanda chenyewe ndicho kinahama. Wapiga vinanda wenzangu mnanielewa, maana tuko wengi.

Aliyenifundisha kodi tatu za kwanza (kodi ni zile noti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja) alikuwa katekista wetu. Tulimwita Mwalimu, kama wanavyoitwa makatekista wengi. Nilikuwa darasa la sita. Aliniambia: "Hizi zinakutosha kuanzia. Mengine utajifunza kwa wanaojua." Basi mimi nikakaa na zile za kuanzia miaka kumi.

Mwalimu alifariki nikiwa likizo, mwaka wangu wa kwanza wa falsafa. Katikati ya misa ya mazishi umeme ukakatika, na jenereta haikuwa na mafuta. Kiongozi wa kwaya akaninong'oneza, "Frateri, tuimbe tu hivi hivi bila kinanda." Ulikuwa ushauri mzuri kabisa. Lakini karibu na mlango wa sakristia ilikuwepo piano ya zamani ya mbao, iliyoachwa na wamisionari, ambayo watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wanawekea mikoba yao juu. Nikamwambia, "Hapana, piano ipo." Nilitaka Mwalimu aagwe kwa muziki. Na nilitaka pia watu wamwone frateri akipiga piano. Yote mawili yalikuwemo moyoni, siwezi kudanganya.

Wimbo wa kuaga ulikuwa Do ni E flati. Piano haina transpozi. Nikaanza kwenye C kwa sababu sikujua pengine pa kuanzia, yaani nusu-toni tatu chini ya mahali pake. Besi wakashuka mpaka sauti zikaishia kooni, soprano wakawa kama wananung'unika. Ubeti wa pili nikajaribu kupandisha katikati ya wimbo. Kwaya ikagawanyika, wengine huku, wengine kule, halafu kukawa kimya. Jeneza lilikuwa mbele yetu. Mjane wa Mwalimu, aliyekuwa benchi la kwanza, akaanzisha wimbo mwingine mwenyewe kwa sauti ile ya mtu aliyelia usiku kucha, na watu wakamfuata. Mimi nilibaki nimekaa, mikono magotini.

Hakuna aliyenilaumu. Uliolaumiwa ni umeme. Nami niliacha ulaumiwe, na jambo hilo liliniuma kuliko wimbo wenyewe. Niliporudi seminari nikaenda kwenye chumba cha muziki, nikafungua piano, nikajiambia naanza upya kama mtoto.

1. Jua kwanza chombo ulichonacho

Kinanda chetu cha kwaya na piano vinafanana kwa sura, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Kwenye piano, kila kibonyezo kinasukuma nyundo ndogo iliyofunikwa kwa sufi ngumu, na nyundo hiyo inagonga nyuzi za chuma halafu inarudi nyuma yenyewe ili nyuzi zilie. Ukibonyeza polepole nyundo inakwenda polepole, sauti inakuwa ndogo. Ukibonyeza kwa kasi, sauti inakuwa kubwa. Aliyebuni mtambo huu ni Mwitaliano Bartolomeo Cristofori, mjini Firenze, karibu na mwaka 1700. Kabla yake walikuwa na kembalo, chombo kinachodonoa nyuzi, ambacho hata ukibonyeza kwa hasira sauti haibadiliki sana. Jina la piano lenyewe limetokana na maneno ya Kiitaliano, piano na forte, yaani kwa sauti ndogo na kwa nguvu. Ukisahau hilo utapiga piano kama unabonyeza kengele ya mlangoni.

Piano kamili ya siku hizi ina vibonyezo 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Vinanda vingi vya kwaya vina 61, na vibonyezo vyake ni vyepesi. Je, unaweza kuanza na kinanda cha aina hiyo? Ndiyo, anza nacho. Majina ya noti, kusoma, mpangilio wa vidole, mapigo, vyote vinawezekana hapo. Ila weka nadhiri ndogo: transpozi ibaki sifuri. Na kila ukipata nafasi ya kugusa piano halisi, hata nusu saa kwa wiki, iguse, ili vidole vijue uzito.

2. Kutoka d r m kwenda mistari mitano

Sisi tuliokulia kwenye kwaya tunasoma d r m f s l t, na watu wengine wanatuonea haya kana kwamba hatujui muziki. Msikubali. Mfumo huo ulienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, na umezaa waimbaji wanaosikia vizuri sana. Tena mizizi ya majina yenyewe iko kwetu Kanisani: ni mmonaki Mbenediktini, Guido wa Arezzo, katika karne ya 11, aliyechukua silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji akawafundishia waimbaji wake. Ya kwanza ilikuwa Ut, ambayo baadaye ikawa Do.

Shida inakuja hapa. Do ya kwaya inahama. Leo Do ni G, kesho Do ni F. Kibonyezo cha piano hakihami. C ni C siku zote. Kwa hiyo usitupe d r m zako, ila jifunze lugha ya pili: majina C D E F G A B kwa vibonyezo, na d r m kwa uhusiano wa sauti. Ukiwa na zote mbili unakuwa tajiri. Utaona noti kwenye karatasi, utajua kidole kiende wapi, na sikio litajua inatakiwa ilie vipi kabla hujaibonyeza.

Kuhusu mistari mitano, usikariri yote kwa siku moja. Shika vituo vitatu tu:

- C ya kati. Iko katikati ya kibodi. Kwenye karatasi inakaa kwenye kijistari chake peke yake, chini ya mistari mitano ya mkono wa kulia na juu ya mistari mitano ya mkono wa kushoto.
- G ya juu ya C ya kati. Ile alama iliyojikunja mwanzoni mwa mistari ya juu inauzunguka mstari wa pili kutoka chini. Mstari huo ni G.
- F ya chini ya C ya kati. Alama ya mistari ya chini ina nukta mbili, na mstari unaopita kati ya nukta hizo, wa nne kutoka chini, ni F.

Noti nyingine yoyote, hesabu kutoka kituo kilicho karibu: mstari, nafasi, mstari, nafasi. Mwanzoni utahesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Mimi nilihesabu hivyo miezi mitatu, tena nikijificha wenzangu wasinione. Baada ya hapo macho yanaanza kutambua yenyewe, kama unavyosoma neno "Kanisa" bila kuunganisha herufi.

3. Vidole vina namba, na namba ni sheria

Kidole gumba ni 1, cha shahada ni 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5. Mikono yote miwili ni hivyo hivyo. Kwenye kitabu utaona namba ndogo juu ya noti. Usizipuuze. Mimi nilizipuuza mwaka mzima na nilizilipia.

Chukua skeli ya C, mkono wa kulia, kupanda. Noti ni nane na vidole ni vitano. Ukianza 1-2-3-4-5 umefika G na vidole vimekwisha. Dawa yake ni hii: piga C, D, E kwa 1-2-3, halafu gumba lipite chini ya kiganja likashike F, kisha endelea 1-2-3-4-5 mpaka C ya juu. Mkono wa kushoto kupanda ni 5-4-3-2-1 mpaka G, halafu kidole cha 3 kinapita juu ya gumba kinashika A, kisha 2 na 1. Mkono usiruke, uteleze.

Na msiogope vibonyezo vyeusi, maana hofu hiyo ndiyo iliyonifunga mimi. Chopin alipokuwa anafundisha, skeli ya kwanza kuwapa wanafunzi haikuwa C. Alianza na B, yenye vibonyezo vyeusi vitano, kwa sababu vidole virefu vya katikati vinapata mahali pa kukaa juu ya vyeusi na mkono unajipanga kwa umbo lake la asili. Skeli ya C, ambayo sisi tunaiona ndiyo rahisi, kwa mkono haina alama yoyote ya kushikilia. Nilipojifunza skeli ya E flati niligundua kwamba gumba linatua kwenye F na kwenye C, vyeupe vyote, na vile virefu vinavichukua vyeusi. Kumbe ile nyumba niliyoikimbia miaka kumi ilikuwa na mlango wazi.

4. Kaa vizuri

Kaa nusu ya mbele ya kiti, miguu yote chini. Kiwiko kiwe takriban usawa wa vibonyezo. Ukiwa chini sana, weka mto au vitabu. Vidole vijikunje kidogo kama umeshika chungwa. Mabega yashuke. Kiwiko na kifundo cha mkono viwe laini.

Ukisikia maumivu, acha. Uchovu kidogo wa misuli ni kawaida, maumivu siyo kawaida. Robert Schumann alikuwa kijana anayeota kuwa mpiga piano mkubwa, lakini mkono wake wa kulia ukadhurika akiwa bado kijana na ndoto hiyo ikaishia hapo. Sababu hasa inajadiliwa mpaka leo. Alibaki mtunzi, na mwaka 1848 akaandika albamu ya vipande vidogo kwa ajili ya vijana ambayo wanafunzi wanaitumia hadi sasa. Mungu alimfungulia mlango mwingine, sawa, lakini wewe usiufunge wako kwa makusudi.

5. Mwalimu au simu?

Hapa ndipo penye swali la yule kijana, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifunza peke yangu. Muda wa mapumziko naweka simu juu ya piano, naangalia mtu wa nchi za mbali akipiga, namwiga. Baada ya miezi minane nilikuwa napiga ile Minuet ya G kutoka kwenye daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725. Wengi wanadhani ni ya Bach mwenyewe. Wataalamu walishatambua kwamba mtunzi ni Christian Petzold. Ni kipande cha vipimo 32 tu, na nilikipiga chote. Nikajiona tena. Unaona ugonjwa ulivyorudi?

Kulikuwa na Sista mmoja mzee aliyekuja seminari kila Alhamisi kufundisha uimbaji. Siku moja akapita, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza.

"Frateri, hii umejifunza kwa nani?"

"Mwenyewe, Sista. Kwa simu."

"Ndiyo maana. Simu imekuonyesha mikono yake, lakini ya kwako haijaiona."

Akasogeza kiti. Ndani ya dakika kumi alinionyesha mambo ambayo sikuyaona kwa miezi minane: mabega yangu yalikuwa karibu na masikio, kifundo kimelala chini ya vibonyezo, kidole cha 4 na cha 5 havifanyi kazi, na pedali nilikuwa naikanyaga mwanzo hadi mwisho ili kelele zifunike makosa. Kisha akaniambia nipige tena, polepole mara mbili ya pale, bila pedali. Nilishindwa kufika kipimo cha nne.

Wakati huo huo darasani tulikuwa tunasoma *Maadili ya Nikomako* ya Aristotle, kitabu cha pili. Pale anasema fadhila tunazipata kwa kuzitenda, kama vile mtu anavyokuwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Hilo tunalipenda, tunalitaja kwenye kila semina ya vijana. Lakini mistari michache mbele anaongeza jambo ambalo mimi nilikuwa nalisoma bila kulisikia: kwamba ni kwa kupiga hicho hicho kinubi watu wanakuwa wapigaji wazuri *na* wapigaji wabaya. Zoezi halichagui. Linakujenga kuwa kile unachokirudia. Na hapo hapo anasema, isingekuwa hivyo, kusingekuwa na haja ya mwalimu.

Nilifunga kitabu nikaangalia mikono yangu. Miezi minane nilikuwa nimefanya mazoezi kwa bidii kabisa ya kupiga vibaya. Methali yetu inasema haba na haba hujaza kibaba, ila haisemi kibaba kinajaa nini.

Basi jibu langu ni hili. Ukiweza kupata mwalimu, mpate, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Usiogope kuuliza: kuna masista, mapadre, walimu wa shule, wapiga vinanda wa parokia nyingine. Wengi watakufundisha kwa moyo ukionyesha kwamba unafanya kazi. Mwalimu mzuri hutamjua kwa kupiga haraka. Mtazame anavyoangalia mikono yako, anavyokuambia jambo moja la kurekebisha, na kama wiki inayofuata analikumbuka.

Ukikosa mwalimu kabisa, bado anza, ila jiwekee ulinzi:

- Jirekodi kwa simu, kwa pembeni, mikono ionekane. Angalia kesho yake, siyo saa ile ile. Ile simu iliyokuonyesha mikono ya mwingine sasa ikuonyeshe ya kwako.
- Fuata kitabu kimoja kwa mpangilio. Usiruke kwenda kwenye kipande unachokipenda. Juzuu ya kwanza ya *Mikrokosmos* ya Béla Bartók inaanzia mikono yote miwili ikipiga kitu kimoja, vidole vitano tu. Inafaa sana kwa mtu mzima.
- Tumia mtaala wa mitihani kama ramani. Bodi ya Uingereza ya ABRSM ina ngazi kuanzia 1 hadi 8, na mitihani yake inafanyika hata Afrika Mashariki. Siyo lazima ufanye mtihani. Orodha ya ngazi ya 1 itakuonyesha tu kama unajidanganya.
- Mambo ya kujifunza peke yako ni majina ya noti, mapigo, kusoma, kusikiliza. Mambo ya kumtafutia mtu ni mkao, kifundo, vidole na sauti. Hata rafiki asiyejua muziki anaweza kukuambia, "mabega yako yamepanda."

6. Namna ya kufanya mazoezi

Dakika 30 kila siku zinazidi saa tatu za Jumamosi. Vidole vinajifunza usiku ukilala, kwa hiyo vipe usiku mwingi. Mimi nilizigawa hivi, na bado nafanya hivyo:

Dakika 5, skeli moja, polepole, mikono tofauti halafu pamoja. Dakika 5, kusoma kitu kipya ambacho hujawahi kukiona, rahisi sana, bila kusimama hata ukikosea. Dakika 15, vipimo vinne tu vya kipande unachojifunza. Narudia, vipimo vinne. Mkono wa kulia peke yake mpaka utulie, wa kushoto peke yake, kisha pamoja kwa nusu ya mwendo. Dakika 5 za mwisho, piga kitu unachokijua tayari, kwa furaha, kama mtu anayemaliza chakula.

Kanuni aliyonipa Sista ni kwamba ukikosea mahali pale pale mara mbili, umeshaanza kujifunza kosa. Simama. Punguza mwendo mpaka uweze kupita bila kukosea, hata kama ni mwendo wa konokono. Usirudi mwanzo wa kipande kila ukijikwaa, maana utakuwa bingwa wa mwanzo na mgeni wa mwisho. Anzia pale pale palipoharibika. Sista alikuwa haniambii "umekosea". Alikuwa anasema, "Frateri, hiyo ni haraka, siyo muziki."

Kuhusu vipande vya kucheza, baada ya Bartók au kitabu chako cha kwanza, nenda kwenye daftari la Anna Magdalena, kisha sonatina za Muzio Clementi za Opus 36, za mwaka 1797, uanze na ile ya kwanza. Halafu, taratibu, Invensheni za sauti mbili za Bach. Ziko 15, na kwenye nakala yake ya mwaka 1723 aliandika wazi kwamba anataka wanafunzi wajifunze kupiga sauti mbili kwa usafi na, zaidi ya yote, kupiga kwa namna ya kuimba. Mkono wa kushoto hapo siyo mtumishi wa kulia. Unaimba wimbo wake. Kwa mtu aliyezoea kodi za kwaya, huko ndiko shule ilipo. Nakala za kazi hizi za zamani zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP.

Na kama unajiuliza kwa nini kijana Mkatoliki ahangaike na Bach, aliyekuwa Mlutheri: huyu ni mtu aliyefiwa na wazazi wote wawili kabla ya kutimiza miaka 10, akalelewa na kaka yake mpiga kinanda, na alipokuwa mkubwa akawa anaandika mwishoni mwa kazi zake nyingi za kanisa herufi tatu, S.D.G., kwa Kilatini, utukufu kwa Mungu peke yake. Mimi nilikuwa napiga ili nionekane. Yeye alimaliza karatasi kwa kujitoa kwenye picha. Nimeona hilo linanihusu kuliko tofauti zetu.

Misa ya kumbukumbu

Mwaka wa kichungaji ulinikuta nikiwa karibu na nyumbani, na ikaja misa ya kumbukumbu ya miaka mitatu ya Mwalimu. Umeme siku hiyo ulikuwepo. Kinanda kilikuwepo, kizuri tu, na transpozi yake. Nikamwomba paroko ruhusa nitumie ile piano ya mbao. Wiki mbili kabla nilikuwa naenda jioni kufanya mazoezi, nikiondoa mikoba ya watoto na kuirudisha.

Tuliimba wimbo ule ule, Do ni E flati, mahali pake. Sikupiga kwa madoido. Nilipiga sauti nne zilizoandikwa, polepole kidogo, na kwenye ubeti wa pili kidole cha 4 kikateleza kikapiga noti isiyokuwepo. Nikaendelea. Besi walikuwa na nafasi ya kushuka, soprano nafasi ya kupanda. Wimbo ulifika mwisho.

Hakuna aliyekuja kunipongeza, na nadhani wengi hawakukumbuka kilichotokea miaka mitatu nyuma. Nilimsalimia mjane wa Mwalimu nje. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, baba. Leo tumeimba vizuri," akasema, kisha akaniuliza habari za masomo. Alisema *tumeimba*. Piano hakuitaja kabisa. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo zile sifa za "fundi" hazijawahi kunipa.

Kazi ya wiki hii

1. Kama una kinanda, rudisha transpozi kwenye sifuri. Chagua wimbo mmoja unaoujua kwenye C na uutafute kwenye G, mkono wa kulia tu. Utakutana na kibonyezo cheusi kimoja, F shapu. Msalimie, mtazoeana.
2. Jirekodi dakika mbili ukipiga, mikono ionekane. Angalia kesho. Andika jambo moja tu la kurekebisha.
3. Tafakari kwa utulivu: kuna jambo gani maishani mwangu ninalolirudia kila siku kwa bidii, bila mtu yeyote wa kuniangalia mikono? Sala, masomo, urafiki, kazi? Na ni nani ningeweza kumwomba aniangalie?

Na wewe kijana uliyeniuliza kwenye mvua, njoo Jumamosi saa kumi jioni. Lete daftari. Nitakuonyesha zile za kuanzia, halafu nitakutafutia anayejua zaidi.

Mungu awabariki nyote. Tuombeane.